Kusahihisha Ramani

Miaka kumi na saba nimeichora Uganda kwa chaki ya kijani,
Rwanda punje ya haragwe, Burundi punje ya pili,
ziwa kwa buluu, na reli kwa vikato vikato
kama mshono wa gunia.
Kengele ikilia naifuta yote kwa dasta.
Nchi tatu zinanidondokea viatuni, unga mtupu.

Na sijawahi kuvuka hata Malaba.

Mama, jikoni kwake Lanet, aliuliza mara moja tu:
"Unaenda na nani?"
Nikamwonyesha begi.
Akalinyanyua, akalipima kwa mkono kama anayenunua kuku,
akasema mtu mzima hatumwi kama barua isiyo na anwani.
Kisha akanichemshia mayai. Manne.
Bado alikuwa akihesabu wawili.

Stesheni ya Nakuru, saa saba na nusu usiku.
"Wangapi?" karani akauliza.
"Mmoja."
Akasubiri kidogo, kalamu hewani,
kama ninavyosubiri mimi mtoto aliyekosea jibu
na huenda akajirekebisha.

Njoro. Molo. Kilele cha Mau gizani.
Nimewafundisha kidato cha pili kwamba joto hupungua kadiri unavyopanda;
sikuwaambia magoti ndiyo hujua kwanza.
Dirisha halifungiki. Nikalizibia gazeti,
gazeti likaondoka, likabaki Londiani.
Mbele yangu Bwana Chepkwony, fundi wa pampu,
amekumbatia mpira wa bomba kama mtoto mgonjwa.
"Mumeo yuko behewa gani?"
"Hayuko behewa lolote."
Akafikiri hadi Kipkelion.
Akashuka, akarudi dirishani:
"Basi angalia begi. Ukilala, lilalie."

Nikalilalia. Nikaota nasimamia mtihani
na hakuna aliyekuja.

Muhoroni, harufu ya molasi iliingia kabla ya jua.
Miwa pande zote mbili, treni ikipita katikati yake polepole
kama kitana kwenye nywele za mtoto anayelia.

Ubaoni kwangu reli haikuwahi kukoma.
Kisumu nilitembea hadi inapokoma:
nyasi, chuma chenye kutu, mbuzi mmoja
aliyenitazama kama mkaguzi wa shule.
Mbele yake maji, na gugumaji, na maji.

Nikaagiza ngege wa kukaanga.
Msichana akaja na birika na beseni, akaninawisha,
kisha akakigeukia kiti kitupu, birika limeinama tayari.
"Hakuna mtu," nikasema.
"Pole," akasema.
Nikamla samaki yule mpaka macho.

Basi la Busia. Maseno tukavuka ikweta;
hakuna aliyeamka.
Nilitaka kusimama, nipige makofi kama darasani,
jamani, dunia imekatika katikati hapa!
Kondakta akaniambia nivute mguu, mama apite na jogoo wake.

Busia, foleni ya malori kama sentensi isiyo na nukta.
Tukashuka, tukafuata uzio, vumbi, wabadilishaji pesa,
mvulana na mtungi wa mafuta, harufu ya chapati.
Nilikuwa nikiutafuta. Mstari.
Huwa nauchora mwekundu, kwa rula ya mita moja.

Dirishani nikamuuliza afisa, mpaka uko wapi?
"Umeshauvuka," akasema, hakuinua kichwa.
"Huko nyuma, penye malori."

Nikageuka.
Malori. Kuku aliyekuwa akivuka, akaghairi.
Nikajaribu kukumbuka ni hatua ipi,
ni ile niliyofunga kamba ya kiatu
au ile niliyokataa kununua soksi.

Fomu ilikuwa na nafasi finyu: *Sababu ya safari.*
Nikaandika: Kusahihisha.
"Mwalimu?"
"Mwalimu."
"Mitihani ya nani?"
Sikumjibu. Muhuri ukagonga, wino ukachuruzika kidogo pembeni,
kwa mkono wangu ningemkata alama.

Basi lilikuwa linapiga honi.
Yai la nne nililimenya nikiwa mlangoni, mguu mmoja juu,
nikaliacha ganda upande wa pili, au upande huu,
sijui sasa naandika nikiwa wapi.
Nikamwambia Mama kwa simu nimevuka.
"Na nani?"
Mtandao ukakatika.